Jinsi Odilia Alivyonichukulia Ukumbi wa Mikumi

Odilia ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo kumsema ni haki yangu. Wewe ukimsema, tutakosana. Mimi nitamsema nitakavyo, na nikifika mahali pa kumsifu nitameza mate kwanza, kwa sababu ninamwonea wivu. Sifichi. Kilosa nzima inajua, na mke wangu anajua kuliko Kilosa.

Mimi ni Mwinshehe. Kama ulifunga harusi kati ya Kilosa na Mikumi katika miaka kumi na tisa iliyopita, na kwenye picha zako bibi harusi anang'aa kama ametoka mbinguni kwa miguu, basi mng'ao ule ulitoka kwenye vidole vyangu. Nimewasha taa za harusi, za kipaimara, za sendofu na za maulidi. Niliishia darasa la saba, lakini waliofika chuo kikuu walikuwa wananisubiri niwashe ndipo wacheze.

Kazi yenyewe nilikuwa naifanya kwa meza ya taa. Usifikirie meza ya kulia. Ni sanduku la chuma lenye swichi ishirini na nne za kusukuma juu na chini. Ukisukuma hii, jukwaa linakuwa jekundu. Ukisukuma ile, linakuwa la buluu. Ni nzito kama nusu gunia la mahindi, na nilipokuwa naingia nayo ukumbini begani watu walinipisha njia.

Sasa Odilia. Mama yake, dada yangu, alibatizwa akaitwa Marciana alipoolewa na Mkatoliki mmoja wa Zombo, mkulima wa ufuta, mtu mpole asiye na neno. Odilia alizaliwa huko. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Ukimpa redio anakuuliza sauti imekaa wapi. Akasoma mpaka kidato cha nne, akafaulu fizikia, na matatizo yangu yakaanzia hapo.

Alipomaliza shule alikuja Kilosa mjini kufanya kazi kwenye steshenari moja karibu na sokoni. Kutoa kopi, kuchapa barua za watu wanaoomba kazi, kuchapa ratiba za mazishi na kadi za harusi. Mwenye duka alipohamia Morogoro, Odilia akabaki na duka. Leo ana miaka thelathini na minne. Hajaolewa. Wachumba wawili walikuja, na kwetu posa inapita kwa mjomba, nami niliwakubali wote wawili. Yeye ndiye aliyekataa. Wa kwanza, alisema, anahema kwa sauti. Wa pili, alisema, hajui kufunga mlango. Ukimwuliza lini ataolewa, anajibu, "Mjomba, ngoja nimalize kuchapa."

Ni mwembamba, ana mkono mwepesi, na akiwa anafikiri anafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege. Printa ikikwama anaifungua kwa pini ya kufungia kilemba. Wateja wanamwogopa kidogo. Karani wa ofisi ya serikali akija na barua yenye makosa, Odilia hachapi mpaka airekebishe. "Sitoi uchafu kwenye mashine yangu," anasema, na karani mtu mzima anakaa kwenye benchi anaandika upya.

Aliingia kwenye taa kupitia harusi ya Innocent, fundi cherehani wa pale Kilosa. Odilia alileta ratiba alizochapa, akakosa kiti, akakaa pembeni yangu kwenye meza. Akanitazama nyimbo nne nzima. Kisha:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Si ulishanisalimia mlangoni?"

"Nakusalimia tena kwa sababu nataka kukuuliza. Mbona kila wimbo unasukuma swichi zilezile?"

"Kwa sababu ndizo nzuri."

"Sasa kama ni zilezile, si zingejisukuma zenyewe?"

Nilicheka mpaka mshereheshaji akasimama katikati ya kumtambulisha mama mzaa chema. Nikamwambia Odilia aende akale keki. Hakwenda. Alifumba jicho moja.

Baada ya miezi kama miwili nilipita steshenari, nikamkuta ameinamia kitu juu ya kaunta. Kilikuwa kibao cha kijani, ukubwa wa kitambulisho cha taifa, unene wa chapati tatu. Hakina kioo, hakina vitufe.

"Nini hiki?"

"Kompyuta, mjomba."

"Mama yake yuko wapi?"

"Hii ndiyo nzima. Nimeiagiza Morogoro, imetumika kidogo. Wenyewe wanaiita Raspberry Pi. Mimi naiita Pai."

Akanieleza. Programu ya kuendesha taa ipo mtandaoni, ya bure, ameishusha kwa bando la dukani. Anaiweka kwenye memori kadi, kadi inaingia kwenye Pai, Pai inaungwa kwa kiwaya hadi kwenye taa. Halafu yeye anatumia simu kuamuru. Anapanga kabla: hatua ya kwanza buluu, ya pili machungwa, ya tatu nyeupe, na kila hatua ikae sekunde ngapi. Siku ya shughuli anabonyeza mara moja, taa zinafuata mpango zenyewe.

"Na mimi nitafanya nini?" nikamwuliza, kwa utani.

"Utakula keki," akasema, na sina hakika kama na yeye alikuwa anatania.

Nilimwazima taa yangu moja ya kujaribia. Nilimwazima mwenyewe, kwa mikono hii! Nilimwazima kwa sababu niliamini atashindwa, na kwa wiki mbili alinifurahisha sana. Kila mara taa ikitakiwa kubadilika kwa haraka, Pai inajizima na kuanza upya. Nilikuwa napita kila asubuhi kumsalimia. Nasimama mlangoni. "Vipi, mtoto ameamka?" Kesho tena. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Siku ya kumi na nne akaniambia bila kuinua kichwa kwamba kosa lilikuwa chaja. Alikuwa anatumia chaja ya simu ya kununua barabarani, haisukumi umeme wa kutosha. Amebadilisha.

Kisha umeme ukakatika ghafla programu ikiwa kazini, na memori kadi ikaharibika, mpango wote ukapotea. Siku ile nilinunua soda mbili, moja yake moja yangu, kumpa pole. Nilikunywa yangu kwa raha sana. Yeye akatengeneza kadi tatu zinazofanana, akaweka Pai ndani ya kisanduku cha sabuni alichokitoboa kwa msumari wa moto ipate hewa, akaendelea.

Halafu siku moja saa kumi alasiri akafunga pazia la duka, akaelekeza ile taa yangu kwenye ukuta wa nyuma, akagusa simu.

Hapa nameza mate.

Ukuta ulikuwa wa buluu ya alfajiri, ile ambayo bado ni usiku kidogo. Ukaanza kugeuka. Sikuona ulipogeuka. Buluu ikawa na uwekundu ndani yake, uwekundu ukawa machungwa, machungwa yakafika njano, na hakuna mahali popote ambapo rangi iliruka. Mimi kwa miaka kumi na tisa vidole vyangu vinaruka. Hata nikisukuma polepole kiasi gani, kidole kina mapigo, kinaruka. Nilikuwa nawaambia watu kwamba taa ndivyo zilivyo. Kumbe ni mimi.

"Umeonaje, mjomba?"

"Inasinzia mno," nikasema. "Watu watalala."

Nikaenda nyumbani, nikasukuma sahani ya chakula pembeni. Mke wangu akaniuliza nimekula nini. Sikuweza kumwambia kwamba nimekula ukuta wa steshenari.

Sasa wivu wa ndani ya familia unavumilika. Tatizo ni Beda. Beda ana ukumbi Mikumi, kando ya barabara kuu, ukumbi mkubwa wenye taa zake ishirini za kisasa alizozinunua mwenyewe, na mtu wa kuziendesha nilikuwa mimi tangu siku zilipofungwa. Alikuja Kilosa kufuatilia kibali, akaingia steshenari kutoa kopi, akaukuta ukuta unacheua rangi. Nilikuwepo. Niliona anavyosahau kopi zake.

"Mwinshehe," akaniita, "hiki kidude kinaingia mfukoni."

"Hata kiberiti kinaingia mfukoni."

"Meza yako inahitaji bodaboda mbili. Moja yako, moja yake."

Tukaafikiana, yaani wao wakaafikiana nami nikiwa nasikiliza. Kungekuwa na tamasha la kwaya ukumbini kwake, Jumapili mchana, kwaya nane. Odilia aendeshe taa. Akimaliza salama, ukumbi ni wake, shughuli zote za mwaka. Mimi nije na meza yangu nikae pembeni kama akiba.

Akiba! Tairi la spea la gari!

Odilia alijua uzito wa jambo lile. Steshenari ilikuwa inadhoofika, kila mtu sasa anatuma barua kwa simu. Aliniambia wazi, "Mjomba, nikipata Mikumi naishi kwa taa. Nikikosa, narudi Zombo kulima ufuta na baba." Nikamwambia ufuta una bei nzuri.

Alijiandaa kama mtu anayekwenda mtihani. Aliwaomba viongozi wa kwaya wamtumie nyimbo zao kwa WhatsApp. Akazisikiliza zote, akapima kila ubeti kwa sekunde, akapanga hatua zake. Kwaya ya Kidete, kwa mfano, wimbo wao ulikuwa wa dakika tano na sekunde arobaini. Kwenye sekunde hiyo ya mwisho taa zote zinafifia, giza, kwaya inashuka, kisha anagusa simu kuanza kwaya inayofuata. Jumamosi tulikwenda Mikumi wote wawili. Alibadilisha namba za taa zote. Zamani mimi nilizigawa makundi sita, meza yangu ikatosha. Yeye akaipa kila taa namba zake peke yake, kumi kumi. Akajaribu ukumbi ukiwa mtupu. Kila kitu kikaenda. Nikatafuta kosa mpaka macho yakauma, sikuliona.

Jumapili asubuhi nikaliona. Lilikuwa na miguu minne.

Ngoja nikueleze kwa utulivu. Kwaya zetu haziimbi wimbo ukaisha. Wimbo unaisha watu wakichoka kutunza. Mtu anaguswa, anatoka kwenye kiti anacheza, anapanda jukwaani, anamfunga mwalimu wa kwaya kanga, anaweka kuku miguuni pa mpiga kinanda. Na mwalimu wa kwaya akiona watu wanapanda, anazungusha kidole hewani, kiitikio kinarudiwa. Kinarudiwa tena. Nimeona wimbo wa dakika nne ukaenda robo saa. Odilia anajua hayo, amekulia humo. Lakini Beda alikuwa ametangaza, na kwenye ratiba ikachapwa na Odilia mwenyewe kwa herufi kubwa: HAKUNA KUTUNZA JUKWAANI, ZAWADI ZITAPOKELEWA MLANGONI MWISHONI. Na Odilia ni mtu wa maandishi. Kikiwa kimechapwa, kwake kimekuwa sheria.

Saa mbili asubuhi lori la kwaya ya Kidete likaingia uani. Wakashuka waimbaji, likashuka spika la besi, na baada ya besi akashuka kondoo. Mweupe, amefungwa kanga mpya shingoni. Aliyeshika kamba alikuwa Kishiwa.

Kishiwa ni mama wa Kisukuma, watu wa ng'ombe, walihamia Kidete miaka mingi imepita. Wajukuu wake wawili wanaimba sauti ya kwanza. Sisi wenyeji wa Kilosa na Wasukuma ni watani, kwa hiyo tunasalimiana kwa matusi.

"Mtani," nikamwita, "mume wako mpya huyo? Ana ndevu nzuri."

"Afadhali yeye, ana nywele," akajibu, akinitazama kipara. "Huyu ni wa mwalimu Yared. Ametufundishia watoto mwaka mzima."

"Imetangazwa hakuna kutunza jukwaani."

"Nani ametangaza?"

"Beda."

"Beda anaimba kwaya gani?"

Akamfunga kondoo nyuma ya ukumbi, akaenda kutafuta chai. Nikabaki namwangalia yule kondoo. Naye ananiangalia, anatafuna. Nikajua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba yule mnyama atapanda jukwaani, na kwamba Yared atazungusha kidole, na kwamba kwenye dakika ya tano na sekunde arobaini taa za Odilia zitazima watu wakiwa katikati ya kucheza.

Nikaingia ndani. Odilia alikuwa anafunga waya wa mwisho, amepiga magoti, pini ya kilemba mdomoni. Akaniuliza, "Mjomba, huko nje kuna neno?"

Neno lenyewe lilikuwa moja. Kondoo.

"Hakuna neno," nikasema. "Watu wanakunywa chai."

Mapazia yakafungwa, ukumbi ukawa giza mchana kweupe, watu wakajaa mpaka madirishani. Kwaya ya kwanza ikaimba, taa zikafuata. Ya pili. Ya tatu. Sitaki kusimulia zilivyokuwa nzuri. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alimwambia mwenzake, "Leo Mwinshehe amejitahidi," na mwenzake akamwambia, "Si yeye, ni yule dada." Nikatamani kuwamwagia maji wote wawili.

Wakapanda Kidete. Yared, mwalimu wao, ni mfupi, ana mikono mirefu, akiinua mikono unafikiri anachuma maembe. Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza buluu, wa pili zambarau. Ubeti wa tatu, mlango wa pembeni ukafunguka, na Kishiwa akaingia anacheza. Kondoo nyuma yake. Nyuma ya kondoo wanawake wa Kidete kama ishirini, wanapiga vigelegele.

Beda akasimama, akapunga mkono: rudini, rudini. Ni kama alikuwa anawapungia waje.

Odilia akamwona kondoo. Nilikuwa nimekaa mkono wa kulia wake, niliona uso wake. Akatazama saa ya simu. Kisha akagusa simu kusimamisha mpango. Akagusa tena. Akagusa kwa kidole kingine. Simu haikuungana na Pai. Jumamosi ukumbi ulikuwa mtupu, leo kulikuwa na simu mia nne zinagombania hewa ileile, kila mtu anarekodi kwaya yake, na waifai yake ndogo ikamezwa.

"Inakataa," akasema, polepole. "Mjomba, inakataa."

Yared akazungusha kidole. Kiitikio kikarudi. Kishiwa akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya jukwaa. Dakika ya tano, sekunde ya arobaini. Taa zikafifia kwa uzuri kabisa, bila kuruka, na giza likaingia.

Kwaya haikunyamaza. Wakidete hawajui kunyamaza. Ngoma inapiga, kinanda kinalia, na katikati ya giza kondoo akalia kwenye maikrofoni. Watu wakacheka, halafu vicheko vikageuka kelele. Beda anapiga ukelele, "Taa! Taa!"

Na mimi? Meza yangu iko mbele yangu, imewashwa. Kilichotakiwa ni kuchomoa waya mmoja kwenye kiwaya cha Pai na kuuchomeka kwangu. Nilihesabu moja mpaka kumi. Nilitaka kila mtu pale ndani aonje giza la kompyuta. Kwenye kumi nikasikia sauti ya Kishiwa kwenye ngazi, bila utani ndani yake: "Nishikeni, naanguka huku!"

Nikachomoa. Nikachomeka. Nikaweka mkono mzima juu ya meza, nikasukuma swichi zote ishirini na nne kwa mpigo, kama nilivyofanya harusi zote, mwanga mkuu, watu washangilie mjomba wao.

Taa mbili tu ndizo zilizotii sawasawa, na zilianza kumweka kama radi ya masika. Ya tatu ikawaka njano ya homa. Nyingine kumi na saba hazikunitambua, kwa sababu kwa namba mpya za Odilia swichi zangu ishirini na nne zinaishia kwenye taa ya tatu. Kondoo alipoona radi akaruka katikati ya sauti ya kwanza, wasichana wakatawanyika, Yared akakamata kamba kwa mkono mmoja huku wa pili unaendelea kuongoza.

"Shusha ya sita!" Odilia alikuwa sikioni kwangu. "Ya sita na ya kumi na sita, hizo ndizo zinazomweka!"

"Meza yangu naijua!"

"Namba si zako, mjomba! Shusha! Bakisha ya kwanza na ya tano. Ya kumi na moja na ya kumi na tano."

Nilimtii. Andika hapo, mjomba mzima nilimtii mpwa wangu swichi kwa swichi mbele za watu. Mwanga mweupe ukatulia, kidogo lakini mweupe. Kishiwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga imefunguka, mguu umeteguka ila haukuvunjika, anacheka na kulia. Wakamwinua, akamfikisha kondoo wake kwa Yared. Kiitikio kilirudiwa mara tisa. Kwa muda wote ule meza yangu ya nusu gunia ilikuwa inaendesha taa mbili katika ishirini.

Yakatangazwa mapumziko ya chakula. Watu wakatoka kula pilau. Odilia hakutoka. Alikaa sakafuni na kompyuta ya dukani aliyokuja nayo, akaiunga na Pai kwa waya, akaanza kufuta sekunde. Kila hatua aliondoa muda wake, akaiambia isubiri mpaka ibonyezwe. Kisha akachukua kibodi kuukuu ya steshenari, ile ambayo herufi zimefutika, akaichomeka moja kwa moja kwenye Pai. Hakuna simu tena, hakuna waifai. Kitufe kirefu cha chini kimoja tu: bonyeza, hatua inayofuata. Wimbo ukirudiwa, unakaa hapohapo mpaka utakapoamua. Kwa maneno mengine, alichukua kitu pekee nilichokuwa nacho mimi na yeye hana, kile cha kusubiri kwaya, akakitia kwenye kitufe. Ilimchukua kama nusu saa.

Beda akaja akasimama juu yetu. Nilitegemea amfukuze. Badala yake akasema, "Nafikiri mgawane. Odilia apange, Mwinshehe abonyeze. Yeye ana mkono wa kusikia kwaya."

Nikatunisha kifua. Nikajiona tayari.

Odilia alisimama, akatoka, akarudi na sahani ya pilau. Akainama kidogo, akanipa kwa mikono miwili.

"Mjomba, karibu chakula."

"Ahsante, mama."

"Ulimwona kondoo?"

"Kondoo gani?"

"Mjomba."

Ningeweza kusema uongo. Ninao mwingi, na mzuri. Lakini alikuwa amefumba jicho moja.

"Nilimwona asubuhi," nikasema. "Aliposhushwa kwenye lori."

"Kabla sijafunga waya wa mwisho."

"Kabla."

"Nikakuuliza kama kuna neno."

Nikachota tonge la pilau.

"Mzee Beda," akasema Odilia, "ahsante, lakini nitabonyeza mwenyewe. Kosa la leo ni langu, niliamini karatasi. Nikishindwa na kwaya zilizobaki, nitaondoka bila neno." Kisha akanigeukia, sauti ya chini, ileile ya kunisalimia. "Nyumbani wewe ni mjomba wangu, na mchumba akija atapita kwako. Ila kwenye taa siwezi kukaa na mtu anayeona halafu ananyamaza. Mama Kishiwa angevunjika."

Nilikasirika. Nikamkumbusha nani alimwazima taa. Nikamkumbusha nani alimsaidia mama yake kumbeba yeye Odilia alipokuwa mtoto wa kuumwa kila wiki. Akaitikia kila neno, "Kweli mjomba. Kweli mjomba," huku anakunja waya wangu vizuri, duara kwa duara, kama unavyotakiwa kukunjwa, akaufunga, akauweka juu ya meza yangu. Beda akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba. Nikamwambia najibebea.

Nilitoka na nusu gunia langu begani kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyenipisha, walikuwa wanarudi ndani. Kishiwa alikuwa kwenye benchi nje, anakandwa mguu na mjukuu wake.

"Mtani, unakwenda wapi na jeneza hilo?"

"Nyumbani."

"Hungoji Zombo? Ndio wanapanda."

"Nimewasikia miaka yote."

Lakini bodaboda ilikuwa haijafika. Nikatua meza chini ya dirisha, pazia lilikuwa na mwanya wa vidole viwili, nikaweka jicho. Nilikuwa naomba, na sioni aibu kuandika, nilikuwa naomba akosee. Akosee mara moja tu, ubeti mmoja, rangi moja iwahi.

Zombo ni kwao. Wakaanza taratibu. Odilia alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kibodi mapajani, mkono mmoja kwenye kitufe kirefu. Mwalimu wao alipoinua kiganja, buluu ikaanza kutoka. Dereva wa bodaboda akafika, akapiga honi, nikamwonyesha mkono asubiri. Baba yake Odilia, yule mpole asiye na neno, alikuwa ameinuka kitini, anakwenda jukwaani na mfuko wa ufuta kichwani, anacheza vibaya sana. Kidole cha mwalimu kikazunguka. Odilia akainua mkono wake juu ya kibodi, akautuliza hapo hewani, akangoja.

Kwaya ya Zombo ilimaliza wimbo wake mara tatu siku ile, na mara zote tatu zile taa zikamaliza nayo.